Dumuzi au fukusi? Jinsi ya kumulika mdudu wa milimita nne kwa boksi, karatasi na simu ya kawaida

Mwezi wa saba mwaka jana shangazi yangu alinitumia picha kutoka Kifanya, kule Njombe. Chini yake aliandika: "Mwanangu, kamwene. Hawa wadudu wako kwenye mahindi. Nimeshaweka dawa lakini hawafi. Ni wadudu gani?"

Nikaifungua picha. Kulikuwa na kiganja cha mkono, punje tatu za mahindi, na juu ya punje moja kitu cheusi chenye doa jeupe katikati. Basi. Nikaikuza, doa likakua. Nikaituma kwa rafiki yangu anayefanya kazi ya ugani, akanijibu kwa sentensi moja: "Hapo naona mwanga wa flashi, mdudu simwoni."

Mimi nasoma fizikia, si kilimo. Lakini jibu lile lilinikaa kichwani, maana tatizo la picha ile lilikuwa la fizikia tupu. Simu ya shangazi si mbaya. Mkono wake hautetemeki. Kilichoharibu picha ni mahali mwanga ulipotoka na ukubwa wa chanzo chake. Leo nataka tuone kwa nini, halafu utengeneze studio yako ndogo mezani. Mimi nilitumia vitu vilivyokuwepo nyumbani, nikanunua selotepu na manila tu.

Kwanza, kwa nini picha hii ni muhimu?

Mahindi yaliyohifadhiwa hushambuliwa na wadudu kadhaa, ila wawili ndio hutajwa zaidi huku kwetu: fukusi na dumuzi. Fukusi ni mwenyeji wa siku nyingi. Dumuzi ni mgeni. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na hapa Tanzania aligundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima walimwita "Scania", jina la lile lori, na hadi leo wazee wengi wanamjua kwa jina hilo.

Kwa macho ya haraka wote wawili ni vidudu vyeusi au vya kahawia iliyokolea, vyenye urefu wa milimita tatu hadi nne na kitu. Lakini dawa haziwaui sawasawa. Kemikali ya pirimifosi-methili ni kali kwa fukusi, ila peke yake ni dhaifu kwa dumuzi. Kwa dumuzi kinachofanya kazi vizuri ni permetrini. (Permetrini ni ya kundi la pirethroidi, kemikali zilizoundwa kiwandani kwa kuiga sumu ya asili iliyomo kwenye maua ya pareto, yaleyale yanayolimwa Nyanda za Juu Kusini.) Ndiyo maana dawa nyingi za unga za kuhifadhia mahindi huchanganya kemikali mbili, moja kwa kila adui.

Sasa shangazi alikuwa ameuziwa dawa yenye kemikali ya fukusi tu, na alikuwa na magunia kumi na mawili ndani. Chakula cha mwaka kilikuwa humo, na ada ya binamu yangu wa kidato cha tatu ilikuwa humo pia. Kwa hiyo swali "ni mdudu gani?" halikuwa la udadisi.

Flashi ilikosea wapi?

Mgongo wa mdudu huyu ni mgumu, umepinda na unang'aa kama kijiko. Vitu vinavyong'aa huakisi mwanga kwa namna tofauti na karatasi. Karatasi ikipigwa na mwanga huutawanya kila upande, ndiyo maana unaiona nyeupe popote unapokaa. Kitu kinachong'aa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga katika pembe moja tu, kama kioo. Ukitazama kijiko, chuma chenyewe unakiona kidogo. Unachokiona zaidi ni picha ya chumba ndani ya kijiko: dirisha, balbu, na uso wako uliopinda.

Mgongo wa mdudu ni hivyohivyo. Lile doa jeupe lilikuwa picha ya taa ya simu ikijitazama. Na kwa kuwa taa ya flashi iko pembeni kabisa ya lenzi, mwanga wake huenda na kurudi kwa njia karibu moja. Ukimulika hivyo, vivuli vyote hujificha nyuma ya kitu, umbo linakuwa bapa, na katikati panabaki mng'ao mkali uliofuta kila kitu.

Ushauri wa kawaida ni "punguza mwanga". Haisaidii. Doa litabaki doa, na sehemu nyingine zitakuwa giza zaidi. Kinachotakiwa ni kuukubali huo mwakisiko, halafu kuufanya uwe mkubwa na wa upole kiasi kwamba unafunika mgongo mzima badala ya nukta moja. Yaani unampa kijiko kitu kizuri cha kuakisi.

Ukubwa wa taa hupimwa kwa pembe

Hapa ndipo wengi hujichanganya. Jua lina kipenyo cha kilomita takriban milioni 1.4, lakini vivuli vyake mchana ni vikali, vyenye kingo kama zimekatwa kwa wembe. Mbona taa kubwa namna hiyo inatoa mwanga mkali? Kwa sababu iko mbali, kilomita milioni 150 hivi. Ukipima pembe linayochukua angani, jua ni takriban nusu nyuzi tu. Kwa mdudu aliyepo mezani, jua ni nukta.

Chukua sasa karatasi ya A4, yenye upana wa sentimita 21, uiweke sentimita 15 kutoka kwa mdudu, halafu uimulike kwa nyuma. Karatasi yote inawaka, na kwa mdudu upana wake unachukua takriban nyuzi 70. Kwa kipimo hicho, karatasi ya daftari imelishinda jua kwa zaidi ya mara mia.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: chanzo kikubwa kilicho karibu hutoa mwanga laini, chanzo kidogo au kilicho mbali hutoa mwanga mkali. Ndiyo maana kupiga picha kitu kidogo ni rahisi kuliko kumpiga picha mtu. Kumfunika mtu kwa mwanga laini unahitaji shuka zima na taa za bei. Kumfunika mdudu, au pete, au mbegu ya maharage, karatasi moja inatosha.

Dirisha la Njombe, ila lipi?

Taa ya bei rahisi kuliko zote ni dirisha. Kifanya, asubuhi ya ukungu, anga lote linakuwa taa moja kubwa nyeupe. Ukungu unafanya kazi ileile ya karatasi: unalitawanya jua mpaka hujui limesimama wapi.

Siku ya jua kali mambo hubadilika. Vitabu vingi vya picha husema tumia dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa haliingizi jua la moja kwa moja. Vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Huku kwetu, nyuzi tisa na kitu kusini mwa Ikweta, kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Msimu wa kuvuna mahindi uko humohumo. Kwa hiyo mwezi wa saba dirisha unalolitaka ni la kusini. Ikifika Desemba jua linahamia kusini, na ushauri wa Wazungu unaanza kufanya kazi.

Kama dirisha lako ni moja tu na jua linaingia moja kwa moja, bandika karatasi nyeupe au shuka jeupe jepesi. Kisha weka karatasi nyeupe nyingine upande wa pili wa mdudu, ule wenye kivuli, ili irudishe mwanga kidogo. Hiyo karatasi ya pili watu huidharau, lakini mara nyingi ndiyo inayookoa picha.

Studio ya kwanza: boksi

Hii inafaa kwa vitu vya ukubwa wa kidole hadi kiatu: mbegu, shanga, vikombe, bidhaa za kuuza mtandaoni.

1. Tafuta boksi lenye upana wa sentimita 30 hadi 40 kila upande. Lilaze ili mdomo wake ukutazame.
2. Kata madirisha matatu: kushoto, kulia na juu. Yawe madogo kidogo kuliko A4 ili karatasi ipate pa kushikia. Yafunike kwa karatasi ya A4 moja moja na selotepu.
3. Ndani, chukua manila nyeupe, ibandike juu ya ukuta wa nyuma na uiache iteremke ikipinda mpaka sakafuni. Usiikunje. Ule mpindo ndio unaofuta kona, na kitu chako kitaonekana kama kinaelea kwenye weupe.
4. Weka taa nje ya madirisha ya kushoto na kulia, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye karatasi.

Kwa nini usiiweke taa ikagusa karatasi? Kwa sababu itawasha duara dogo tu la karatasi, na duara hilo ndilo litakuwa chanzo chako. Utakuwa umerudi kwenye nukta. Unataka karatasi nzima iwake sawasawa.

Upande mwingine, usiipeleke taa mbali sana. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali: ukiusogeza mara mbili, unabaki robo. Na karatasi yenyewe tayari imemeza sehemu kubwa.

Studio ya pili: kopo la mtindi

Kwa mdudu, boksi halikunitosha. Mgongo wake umepinda sana, kwa hiyo unaakisi karibu chumba kizima. Madirisha mawili ya karatasi yalionekana mgongoni kama mistari miwili mieupe yenye giza katikati. Hapo nilielewa kwamba karatasi pembeni haitoshi, ni lazima nimzungushie mwanga kila upande.

Viwanda vinavyokagua vyuma vinavyong'aa hutumia taa za umbo la kuba kwa sababu hiyohiyo. Sisi tutatumia kopo.

Chukua kopo jeupe la plastiki la mtindi au aiskrimu, lenye kimo cha sentimita 10 hivi. Lioshe, ondoa lebo. Jaribu ubora wake hivi: liweke mbele ya dirisha na upitishe mkono nyuma yake. Ukiona kivuli cha mkono lakini huwezi kuhesabu vidole, hilo ni zuri. Toboa tundu la sentimita mbili katikati ya kitako chake. Mweke mdudu juu ya karatasi nyeupe, mfunike na kopo lililopinduliwa, laza simu juu ili lenzi itazame tunduni, halafu mulika kopo kwa nje kwa tochi mbili, moja kila upande.

Angalia tulichopata bila kutarajia: kopo limekuwa pia stendi ya simu, na limeiweka lenzi umbali ambao simu nyingi zinaweza kufokasi. Wengi hukosea kwa kuisogeza simu mpaka sentimita mbili kutoka kwa mdudu. Hapo lenzi inashindwa, na simu yenyewe inaziba mwanga. Baki mbali kidogo na utumie zumu mara mbili. Picha itakuwa na sehemu kubwa zaidi iliyo kali.

Mwanga wa kutambaa

Mwanga laini unaonyesha umbo na rangi, lakini unaficha mikwaruzo na vinundu. Kwa hiyo piga picha ya pili bila kopo. Zima taa zote, bakiza tochi moja, ilaze mezani karibu usawa wa meza ili mwanga umpite mdudu kwa ubavu. Kila kinundu kitatupa kivuli chake. Ni kama kutembea shambani jua linapozama: matuta ambayo adhuhuri huyaoni, jioni unayahesabu.

Umeona? Mwanga "mbaya" si mbaya. Inategemea unauliza swali gani.

Makosa madogo yanayoharibu kazi nzuri

*Kuchanganya taa.* Balbu ya njano na mwanga wa dirisha zina rangi tofauti. Macho yako yanasawazisha yenyewe, kamera haiwezi kusawazisha zote mbili kwa pamoja. Utapata mdudu mwenye ubavu wa bluu na ubavu wa chungwa. Chagua kimoja, zima kingine.

*Mistari kwenye picha.* Umeme wetu ni wa hezi 50, na balbu nyingi za LED za bei rahisi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona, hasa kasi ya kupiga ikiwa kubwa. Ukiona mistari myeusi ya kulala, jaribu taa nyingine, au hamia dirishani.

*Weupe kuwa kijivu.* Kamera hudhani kila tukio lina mwanga wa wastani. Ikiona karatasi nyeupe imejaa, inasema "hapa pamezidi", inapunguza, na mdudu anakuwa kisu cha giza. Gusa mdudu kwenye skrini, shikilia hadi fokasi ijifunge, kisha pandisha kile kialama cha jua mpaka karatasi iwe nyeupe.

*Kutikisika.* Mwanga ukipungua simu hufungua kwa muda mrefu zaidi. Tumia taima ya sekunde mbili au tatu ili kidole chako kiwe kimeshaondoka.

*Kusahau kipimo.* Weka rula kando ya mdudu. Bila rula, milimita tatu na milimita nane ni kitu kimoja.

*Kutuma vibaya.* WhatsApp hubana picha. Itume kama nyaraka, si kama picha ya kawaida, ili kila kitu ulichohangaikia kifike.

Na mdudu anayekimbia? Mtie kwenye chupa ndogo, umwache mahali pa baridi. Kifanya mwezi wa saba huhitaji friji: mweke barazani alfajiri, atatulia mwenyewe.

Tuliona nini?

Nilimwelekeza shangazi kwa simu, binamu yangu akiwa mikono yake. Kopo la kwanza walilitoboa tundu dogo mno, picha ikawa na duara jeusi. La pili likakubali.

Safari hii nilimwona mdudu. Ukimtazama kutoka juu, kichwa hakionekani. Kimeinama chini ya kifua kama mtu aliyevaa kofia ya sweta. Fukusi angekuwa na mdomo mrefu uliochomoza mbele kama mkonga, na mara nyingi madoa manne mekundu hafifu mgongoni. Huyu hakuwa na mkonga wala madoa. Mwili wake ni kama kipande cha bomba, na nyuma umekatika ghafla, kama umepigwa panga. Ile picha ya mwanga wa kutambaa ikaonyesha vinundu vidogo mbele ya kifua. Rula ikasema milimita nne, jambo ambalo pia lilimwondoa ndugu yake mdogo anayefanana naye, ambaye kwa kawaida hafiki hata mitatu.

Rafiki yangu wa ugani alijibu ndani ya dakika tano: dumuzi. Akamwuliza shangazi kama kuna unga mwingi chini ya magunia. Ulikuwepo, tele. Dumuzi hutoboa na kusaga kuliko anavyokula, na ule unga ni ushahidi ambao hauhitaji kamera hata kidogo. Tungeuliza swali hilo siku ya kwanza, tungekuwa tumeshaanza kushuku. Nakuachia somo hilo pia: picha nzuri haiondoi haja ya maswali mazuri.

Afisa ugani wa eneo lao alifika, akachukua wadudu wachache kwenye chupa ili ahakikishe kwa macho yake. Mahindi yakapepetwa, yakaanikwa, mengine yakatiwa dawa inayofaa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mengine yakaingia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambamo mdudu hukosa oksijeni na kufa bila dawa. Magunia mawili yalikuwa yameshaharibika, yakaenda kwa kuku. Kumi yalibaki.

Lile kopo shangazi hakulitupa. Liko juu ya kabati la vyombo, na binamu ameniambia majirani wawili wameshalikuja kuliazima: mmoja alikuwa na maharage yenye matundu, mwingine alitaka tu kupiga picha ya hereni anazouza.